Kabla twiga hajapanda ndege

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, kabla masika hayajakolea, nilikuwa na wageni wawili kwenda Hifadhi ya Arusha: mzee mmoja wa Kichina na binti yake. Safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Ukishapita geti la Ngongongare kuna ule uwanda tunaouita Serengeti Ndogo, na siku hiyo twiga walikuwa wamesimama kando ya barabara kama abiria wanaosubiri daladala isiyokuja. Nikazima injini. Mzee akasimama, kichwa juu ya paa la gari, na hakupiga picha hata moja. Alitazama tu.

Kwa mazoea ya kazi nikatania: "Mwambie mzee, hawa huko kwenu hamna." Binti akatafsiri. Mzee akacheka, akasema maneno machache, binti akanirudishia: "Baba anasema aliwahi kuwepo. Mmoja alifika mwaka 1415, akitokea Malindi."

Nikaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, ndiyo, Malindi." Wala sikuwa najua chochote. Kazi yangu kwa Kiswahili cha vitabuni ni mwongoza watalii. Huku Usa River wanasema "gaidi", na shemeji yangu wa Tanga siku ya kwanza kusikia jirani ananiita hivyo karibu apande basi kurudi kwao. Vyovyote utakavyoiita, kazi hii ina sheria moja: mgeni atakusamehe chui asipoonekana, ila ukimwambia sijui, bahasha ya mwisho wa safari inakuwa nyepesi.

Mzee akatoa simu akanionyesha mchoro wa zamani. Twiga amechorwa pembeni, shingo imenyooka, na mbele yake kuna mtu ameshika kamba, uso ameuinua kumwangalia. Mimi hata jina la mchoraji sikuuliza. Niliangalia kamba. Nilikuwa nafikiri, huyu mtu amelala wapi miezi yote hiyo?

Aprili na Mei kwetu hakuna kazi. Kambi nyingi zinafungwa, gari linakaa nyumbani chini ya turubai, na mwanamume anaanza kurekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Mwaka huu nikachukua kaunta buku la binti yangu lililobaki kurasa nusu, nikaandika juu 1415, nikaanza kuutafuta huo mwaka kama unavyotafuta mbuzi aliyepotea: nyumba kwa nyumba, unauliza, unaonyeshwa njia, unakuta mbuzi wa mwingine. Nilikuta mbuzi wengi wa wengine.

Nianze na wetu. Mchoro ule wa mzee kwa kweli si wa twiga wa Malindi. Ni wa aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, 1414, aliyetolewa zawadi na sultani wa Bengal kwa mfalme mkuu wa China wa enzi ya Ming, Yongle. Bengal hakuna twiga, kwa hiyo naye alikuwa ameshavushwa bahari kutoka Afrika kabla ya kuvushwa tena. Wa pili ndiye wa 1415, na safari hii kumbukumbu za Kichina zinasema wazi zawadi imeletwa na wajumbe wa nchi wanayoiandika Malin, ambayo wanahistoria wengi wanaisoma Malindi.

Wachina walipomwona hawakusema ni mnyama mpya. Walisema ni qilin, mnyama wa hadithi zao za kale, mwenye mwili wa paa na mkia wa ng'ombe, anayejitokeza tu nchi ikiwa na mtawala mwema. Wako wanaosema jina lenyewe lilisaidia, maana Wasomali twiga wanamwita geri, na sikio la Mchina likasikia lilichotaka kusikia. Hapa nikagonga meza. Nimebeba Wajapani miaka mingi, na kila wakiona twiga hupiga kelele "kirin! kirin!" Mimi nilidhani wanamwita mtu. Kumbe kwa Kijapani hilo ndilo jina la twiga mpaka leo, na ni neno lilelile la qilin.

Qilin wa hadithi ni mpole kiasi kwamba hakanyagi mdudu wala jani bichi. Sitasema kitu, ila huyu wetu teke lake linavunja fuvu la simba.

Mwaka 1414 wakubwa wa serikali walitaka kumwandikia mfalme hati ya pongezi, akakataa. Nchi ikitawaliwa vizuri, alisema, inatosha, hata asipokuja qilin. Mwaka 1415 hakukataa tena. Alitoka mwenyewe mpaka kwenye lango la kasri kumpokea huyu wa Malindi, pamoja na waliowaita "farasi wa mbinguni" na "paa wa mbinguni". Farasi wa mbinguni mimi nahisi ni punda milia, na huyo paa pengine choroa, lakini hiyo ni hisia ya dereva.

Sasa turudi kwenye kamba, maana wanahistoria wanaliruka hili jambo kama vile twiga ni sanduku. Twiga mkubwa anakwenda juu mita tano na zaidi. Anakula majani kilo thelathini na kitu kwa siku. Akitaka kunywa maji lazima apanue miguu ya mbele kama anayepima kiwanja. Kumkamata ni hatari kwake kuliko kwako, kwa sababu akikimbizwa sana moyo unamshinda, na akianguka vibaya shingo imekwisha. Kwa hiyo mimi nasema alikuwa ndama. Ndama wa twiga anazaliwa ana mita 1.8 hivi, anasimama siku hiyohiyo. Nilitoka nje na futi ya fundi cherehani ya mama watoto nikapima gari langu: ndama wa wiki moja angekaa kwenye Landkruza, kichwa nje ya paa, kama yule mzee wa Kichina. Kwenye jahazi, ukimfungia uzio wa makuti na nyasi chini asiteleze, inawezekana. Wangeng'oa naye na kusi, ule upepo wa kuanzia Aprili unaosukuma vyombo kuelekea Uarabuni na India. Na lazima aliyeshika kamba awe mtu aliyelelewa na mifugo. Mtu wa pwani pekee asingeweza. Alitoka bara huyo.

Mama watoto akaniuliza: "Na maji? Ya bahari si ya chumvi?" Nikamwambia twiga anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa, unyevu wa majani unamtosha. "Na majani ya miezi yote hiyo yanabaki na unyevu?" Nikanyamaza. Anapika kwenye mikutano ya kina mama ya watu mia mbili, hesabu za chakula hazimshindi.

Binti yangu yuko kidato cha pili na wameshasoma biashara ya pwani na Mashariki ya Mbali: vigae vya Kichina, shanga, hariri. Nikamuuliza mwaka 1415 kulitokea nini. Akajibu bila kufikiri: "Wareno waliteka Ceuta, baba." Twiga? Hapana. Kitabu hakina twiga.

Ceuta basi. Ni mji wa Morocco ya kaskazini, kwenye mlango bahari wa Gibraltar, na mpaka leo haujarudi, uko chini ya Hispania. Nilipoanza kuandika habari zake kwenye daftari nikagundua mambo matatu niliyokuwa nimeyaweka kurasa tofauti ni ya ukoo mmoja. Malkia wa Ureno aliitwa Philippa wa Lancaster, Mwingereza, na alikuwa dada wa Henry IV wa Uingereza. Yaani ni shangazi yake Henry V, mfalme wa Uingereza mwaka ule. Wazungu kwenye maandiko yao wanamtaja mbali na mpwa wake kana kwamba hawajuani, lakini ukiwapanga kwa Kiswahili, huyu ni shangazi, hawa ni watoto wa shangazi, yule ni mtoto wa mjomba, mwaka wote unakuwa kikao cha familia.

Shangazi alikufa kwa tauni tarehe 19 Julai 1415, jeshi la mumewe likiwa tayari kuondoka. Akiwa kitandani aliwapa wanawe watatu panga ambazo walikuwa wapewe kwa heshima ya ukamanda. Tarehe 25, siku sita tu baadaye, merikebu zikaondoka Lisbon. Kwetu Meru hata matanga tungekuwa hatujaanua. Tarehe 21 Agosti Ceuta ikatekwa ndani ya siku moja. Mmoja wa wale vijana, Henrique, alikuwa na miaka 21, na ndiye baadaye aliyegharamia vyombo vya kuteremka pwani ya magharibi ya Afrika, moja baada ya kingine.

Juma hilohilo la Agosti binamu yake, Henry V, alikuwa ameuzingira mji wa Harfleur, Ufaransa. Mji ulisalimu amri 22 Septemba, lakini kuhara damu kulikuwa kumeshaua askari wake wengi, na wakubwa pia. Akaamua kuwatembeza waliobaki mpaka Calais, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Wafaransa wakamziba njia Agincourt, na vita vikapiganwa 25 Oktoba, siku ya watakatifu Crispin na Crispinian, wasimamizi wa washona viatu.

Watu wakielezea Agincourt wanasifu pinde ndefu za Waingereza, na ni kweli, wengi wa jeshi lile walikuwa wapiga mishale. Mimi nasifu matope. Mvua ilinyesha usiku kucha. Shamba lilikuwa limetoka kulimwa, limebanwa na misitu pande mbili, na Wafaransa wakalivuka kwa miguu wakiwa wamevaa chuma kutoka utosini. Aliyewahi kukwama Ndutu mwezi wa tatu haelezwi zaidi. Ule udongo mweusi hauteleshi tu, unashika. Unachomoa mguu, buti linabaki. Mwaka fulani nilikaa pale saa saba na wageni wanne, jeki inazama badala ya kuinua gari, nikachimba kwa sepetu mpaka mikono ikatoka malengelenge, na gari la kwanza lililokuja kutuvuta nalo likazama. Sasa weka watu elfu kadhaa nyuma yako wanasukuma mbele kwa hamu ya kupigana, na wewe wa mbele umeanguka. Wengi walikufa bila jeraha la maana, walikosa hewa tu chini ya wenzao. Upande wa Ufaransa walikufa mkuu wa majeshi Charles d'Albret na watawala wa Alençon, Brabant na Bar. Henry aliamuru pia mateka wauawe katikati ya vita, jambo ambalo washabiki wake wanalipitia haraka.

Charles wa Orléans, kijana wa miaka 20, alifukuliwa akiwa hai chini ya maiti. Alikaa kifungoni Uingereza miaka 25 akiandika mashairi.

Kisha kuna Konstanz, na hapa nyumba yangu iligawanyika. Mimi ni Mlutheri, nimebatizwa, nimepata kipaimara, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mama watoto ni Mkatoliki wa Kibosho, na mtu wa Kibosho haongoki. Konstanz ni mji wa kando ya ziwa, Ujerumani ya leo, na mwaka 1415 maaskofu wa Ulaya yote walikuwa wamekutana huko kwa sababu kanisa lilikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja.

"Watatu?" akasema.

Watatu. John XXIII alitoroka mkutano mwezi Machi akiwa amejibadilisha mavazi, akakamatwa, akavuliwa upapa 29 Mei. Gregory XII alijiuzulu mwenyewe 4 Julai. Benedict XIII akagoma, akajifungia kwenye ngome ya Peñíscola huko Hispania na kujiita papa mpaka kufa. Baada ya Gregory hakuna papa aliyejiuzulu tena hadi Benedict XVI mwaka 2013, na siku ile ilipotangazwa tulikuwa wote tunaangalia televisheni, mama watoto ameshika mwiko hewani.

Siku mbili baada ya Gregory kujiuzulu, 6 Julai, mkutano uleule ulimchoma moto Jan Hus, mhubiri wa Prague. Alikuwa amekwenda Konstanz akiwa na hati ya usalama ya mfalme Sigismund. Alihubiri kwa lugha ya watu wake, akakemea uuzaji wa msamaha wa dhambi, akakataa kukana maneno yake. Majivu yake wakayamwaga mto Rhine ili wafuasi wasipate cha kuzika. Luther alikuja na hoja zake miaka 102 baadaye. Nililisoma hili kwa sauti, pengine kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mama watoto hakubishana. Alikwenda kwenye simu yake, akarudi na mawili. La kwanza, Papa Yohane Paulo II mwaka 1999 alisema anasikitika sana kwa kifo kile cha kikatili. La pili lilinimaliza. Kwa kuwa yule John XXIII aliyetoroka hakuhesabiwa kuwa papa halali, jina na namba vilibaki wazi, na mwaka 1958 papa mpya akavichukua. Yohane XXIII huyo wa pili ndiye aliyemfanya Laurean Rugambwa wa Bukoba kuwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi. "Andika na hilo kwenye daftari lako la moto," akasema. Nimeandika.

Waliozaliwa nitawapitia upesi, mtoto mchanga hana habari nyingi. Tarehe 21 Septemba, Innsbruck, alizaliwa Frederick III, akatawala kama kaisari miaka 41 na kufa 1493 baada ya kukatwa mguu. Tarehe 3 Mei, Uingereza, alizaliwa Cecily Neville. Huyu nilimpenda kwa sababu ya mume wake. Mume alikuwa mtoto wa miaka mitatu wakati Cecily anazaliwa; Agosti baba yake akakatwa kichwa kwa njama dhidi ya Henry V, Oktoba baba yake mkubwa, Edward wa York, akafa Agincourt, na huyo yatima akarithi cheo cha York. Cecily na yeye walizaa wafalme wawili. Wa pili, Richard III, mifupa yake ilikutwa 2012 chini ya maegesho ya magari Leicester. Sijui kwa nini hiyo sentensi ilinifanya nikachungulie dirishani gari langu.

Twiga wetu, sasa. Wajumbe wa Malindi hawakuachwa China. Mwaka 1417 kundi la meli za Zheng He, jemadari wa bahari wa Yongle, safari yake ya tano, liliondoka kuwarudisha makwao wajumbe wa nchi nyingi, likafika mpaka Mogadishu, Barawa na Malindi. Sarafu ya shaba yenye jina la Yongle ilifukuliwa Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, mwaka 2010, na nyingine kisiwa cha Manda mwaka 2013. Napenda kudhani mshika kamba alirudi na zake mfukoni, akasimulia, na hakuna aliyemwamini.

Halafu Wachina wakaacha kuja. Na waliokuwa wameteka Ceuta mwaka uleule wa twiga, wakateremka taratibu upande wa pili wa bara, wakazunguka kusini, na Aprili 1498 Vasco da Gama akatia nanga Malindi. Miaka 83. Malindi wakampokea vizuri, wakampa na nahodha wa kumwonyesha njia ya India. Mji uliozoea wageni.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule binti wa Kichina kwenye WhatsApp. Nikamweleza kwamba mchoro wa baba yake ni wa 1414, wa Bengal, na wa kwetu ndiye wa 1415. Nilijisikia vizuri kidogo, sikatai. Jibu lilikuja asubuhi: baba anashukuru, alikuwa anajua, hakutaka kuharibu hadithi. Anataka kurudi Oktoba. Anauliza kama ninaweza kuwapeleka Malindi kwa gari.

Nikamwambia Malindi yenyewe inafikika, unapita Moshi, Himo, Holili, unavuka Taveta, Voi, unashuka pwani. Ila gari la watalii la Tanzania halitembezi wageni ndani ya Kenya, wala lao halitembezi kwetu. Nitawafikisha Holili, watashuka na mabegi, gari la Kenya litawapokea upande wa pili, mimi nitarudi na viti vitupu.

Akatuma vicheko vitatu, kisha: "Baba anauliza, na twiga je, siku hizi anavuka vipi?"

Aliyekuwa nchi hii Novemba 2010 anajua kwamba twiga wanne walipakiwa kwenye ndege hapohapo KIA, uwanja wa Kilimanjaro, wakaenda Qatar pamoja na wanyama wengine zaidi ya mia, na kesi yake ilisikilizwa Moshi. Nilianza kuandika, nikafuta. Nikamjibu kwamba hilo nitamweleza mzee akifika, tukiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa.